Mashine ya presha inakohoa: anza na maji, fuata petroli, spana mwisho

Lori la kontena limesimama, dereva amevua viatu, amekaa kwenye kivuli cha tangi akinywa chai. Ni saa mbili asubuhi hapa Malaba, upande wa Uganda, na mashine yangu ya kuoshea magari kwa presha inatoa maji kwa mikupuo: pah, kimya, pah, kimya.

"Mzee, hii mashine yako inakohoa," dereva akaniambia.

Nilikuwa na miezi minne tu katika kazi. Nikazima, nikaita fundi. Fundi akaifungua pampu yote palepale juu ya gunia, valvu sita na springi zake zikatandazwa kama dagaa juani. Jioni tulikuwa tumebadilisha pakingi (pete za kuzuia maji yasivuje) ambazo hazikuwa na kosa lolote, hela imetoka, dereva ameshaondoka na matope yake kuelekea Kampala, na mashine bado inakohoa. Kesho yake nikafungua mpira wa kuingizia maji. Ndani ya kile kichujio kidogo, upana wake kama kifuniko cha soda, kulikuwa na uzi wa gunia uliojisokota na udongo mwekundu. Nikakisuuza kichujio kwenye bakuli, nikakirudisha, mashine ikanguruma kama siku niliyoinunua.

Ndiyo maana mtu akinipigia simu kwamba pampu yake imekufa, simuulizi habari za pampu. Namuuliza maji yanatoka wapi.

Mashine ninayoizungumzia ni ya injini ya petroli ya silinda moja, ile ya kuvuta kamba, nguvu ya farasi 5.5 hadi 7, iliyofungiwa pampu ya planja tatu (fimbo zinazosukuma maji) mbele yake. Nyingi zinatoa maji lita 9 au 10 kwa dakika, kwa presha ya bar 170 hadi 200. Jambo moja lishike kabla hujagusa kitu: pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma maji tu. Presha inazaliwa pale maji mengi yanapolazimishwa kupita kwenye tundu dogo la nozo, ile ncha ya kutolea maji. Kwa hiyo presha ikipotea, kuna njia tatu: maji hayaingii ya kutosha, maji yanarudi nyuma kabla ya kufika kwenye nozo, au tundu la nozo limepanuka. Ukijua hizo tatu, umeshamaliza nusu ya ufundi.

Presha ndogo, au maji yanatoka kwa mikupuo

Chukua jerikeni ya lita 20 na saa ya simu. Chomoa mpira unaoingiza maji kwenye mashine, jaza jerikeni kwa mpira huohuo. Ikijaa kwa dakika moja na nusu au chini yake, unapata lita 13 na zaidi kwa dakika, maji yanatosha. Ikichukua dakika tatu, unapata lita 6 hadi 7, na mashine inataka 10. Hapo hakuna fundi duniani atakayekusaidia. Pampu inavuta kisichokuwepo, ndani yake kunatokea mapovu yanayopasuka kama kokoto, mashine inatetemeka, na usipoizima yale mapovu yanakula valvu na pakingi. Bomba la mjini wakati wa mgao wa maji linakufanyia hivi kila mara, hata kama jana lilikuwa zuri.

Dawa ni pipa. Wengi wetu tunatumia pipa la lita 200, na kosa kubwa ni kuliweka chini sawa na mashine, kisha kuvuta kwa mpira mwembamba wa bustani wa mita 10. Liinue pipa juu ya matofali liwe juu ya pampu, maji yashuke yenyewe. Mpira uwe mfupi, mnene wa robo tatu inchi au inchi moja, na mgumu. Mpira laini unanyonywa hadi unabanana katikati, tena hasa mchana jua likiupiga. Kwa nje unauona mzima, ndani umefungwa. Ukiona mpira umelala bapa mashine ikiwa inafanya kazi, umepata ugonjwa. Na kumbuka hesabu: kwa lita 10 kwa dakika, pipa zima ni dakika 20 za kuosha. Kijana anayeosha akikolea maongezi pipa linakauka, pampu inazunguka kavu, na pampu kavu huharibika kwa dakika chache sana.

Baada ya wingi wa maji, tafuta hewa. Pampu ikinyonya hewa kidogo tu, mikupuo inaanza. Funga tepu ya tefloni kwenye nyuzi za kiunganishi, angalia oringi (pete ya mpira) au washa ya mpira iliyo ndani ya nati (ile ya shilingi chache ambayo kila mtu anaidharau), halafu paka povu la sabuni kwenye maungio mashine ikiwa inavuta. Povu likinyonywa ndani, hewa inapita hapo. Ukimaliza, ondoa nozo, bana bunduki (mshiko wa kurushia maji), acha maji yapite bure bila presha mpaka yatoke mfululizo bila kutema. Hapo ndipo urudishe nozo.

Sasa kichujio. Sisi tunaokaa kwenye barabara za maramu, na tunaochota maji ya kisima, tukisafishe kila asubuhi, si kila wiki. Mimi nimeongeza kitambaa cha chandarua kwenye mdomo wa pipa. Si kizuri kwa macho ila kinafanya kazi.

Maji yakiwa mazima na hewa haipo, geukia nozo. Hapa sikiliza injini, kwani injini inasema ukweli. Bana bunduki. Kama injini haishuki sauti, inakwenda nyepesi kana kwamba haina mzigo, na maji yanatoka mengi lakini laini, basi nozo imelika au maji yanarudi ndani kupitia anloda, valvu nitakayoieleza hapo mbele. Kama injini inaelemewa na maji yanayotoka ni membamba, yamepinda upande mmoja, basi nozo imeziba. Waya mmoja wa shaba kutoka kwenye kebo ya umeme unatosha kuizibua. Sukuma uchafu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ipitishie maji kinyume. Usitumie sindano ya chuma wala msumari. Ukiipanua nozo kidogo tu umeiua, na mchanga wa visima vyetu unaipanua hata bila msaada wako. Jaribio rahisi ni kuweka nozo mpya ya namba ileile. Presha ikirudi, usifungue kitu kingine.

Rangi za nozo nazo zimewachanganya wengi. Nyekundu ni nyuzi 0, sindano tupu. Njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni, haina presha kabisa na haikukusudiwa kuwa nayo. Nimewahi kumkuta mtu amezunguka soko zima akitafuta pampu mpya, kumbe kijana wake ameacha nozo nyeusi tangu jana.

Ukiachia bunduki, kinachotokea

Anloda ni ile valvu iliyo juu au ubavuni mwa pampu, mara nyingi ina kifundo cha kuzungusha. Kazi yake: ukiachia bunduki, maji yasiyokuwa na pa kwenda yarudishwe kwenye mlango wa kuingilia. Ikiganda ikiwa wazi, presha haipandi hata ufanye nini. Ikiganda ikiwa imefungwa, ukiachia bunduki injini inaelemewa na kuzimika, na hiyo ni hatari, kwa sababu bar 200 zinatafuta mahali dhaifu pa kutokea.

Na ikiwa mashine inapiga mapigo hata wakati hujaigusa bunduki, yaani injini inapanda, inashuka, inapanda, ujue presha inavuja mahali baada ya anloda: kwenye bunduki, kwenye oringi ya mpira wa maji, au ndani ya anloda yenyewe. Angalia ncha ya bunduki kama inadondosha. Oringi moja ndiyo mara nyingi.

Anloda inafunguka kwa spana moja. Ndani kuna gololi ndogo ya chuma au pistoni, springi na oringi. Isafishe, paka grisi isiyodhuru mpira, irudishe. Ila hesabu mizunguko ya kile kifundo unapokifungua, ukirudishe palepale. Ninawajua watu wanaokikaza "ili presha iongezeke". Haiongezeki zaidi ya nozo inavyoruhusu. Unachoongeza ni mzigo wa injini na siku ya kupasuka kwa mpira.

Kitu kingine: usiache mashine ikiunguruma huku bunduki imefungwa zaidi ya dakika mbili au tatu. Maji yaleyale yanazunguka ndani ya pampu, yanapata moto. Pampu nyingi zina valvu ya joto, ikifika nyuzi joto 60 hivi inatema maji ya moto chini. Mtu akiyaona anadhani pampu imepasuka. Haijapasuka, inajiokoa. Mteja akija kujadiliana bei, zima.

Injini haiwaki

Kwanza kamba. Ikiwa ngumu, au inarudisha mkono kwa nguvu, kuna presha iliyofungiwa kwenye pampu. Bana bunduki mpaka maji yaache kutoka, halafu vuta huku umeibana. Nusu ya watu wanaolalamikia kamba wanapona hapo.

Pili oili. Injini nyingi za aina hii zina kitambuzi: oili ikipungua, kinakata moto kwenye plagi. Utavuta kamba mpaka bega lichoke. Weka mashine mahali tambarare, fungua kijiti cha kupimia oili, pima bila kukikaza tena, angalia kama oili imefika kwenye ukingo wa tundu. Kreki kesi, tumbo la injini linaloshika oili, inachukua kama lita 0.6 tu, kwa hiyo kikombe kimoja cha chai kinatofautisha uzima na kifo. Wapo wanaokata waya wa kitambuzi ili kazi iendelee. Kazi inaendelea kweli, mpaka siku fimbo ya pistoni inapotoboa ukuta wa injini.

Tatu ndiyo petroli, na hapa nitakaa kidogo.

Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara ni bahati nasibu. Serikali ina mpango wa kutia alama mafuta kupitia Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, kwa sababu kuchanganya petroli na mafuta ya taa si hadithi. Gari kubwa linaweza kuvumilia kidogo. Injini ya silinda moja haivumilii. Dalili zake: inawaka kwa shida asubuhi, inagonga ikipata moto, plagi inakuwa nyeusi yenye unyevu wa mafuta, moshi una harufu ya koroboi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, subiri kivulini. Petroli safi inaruka yote na kuacha karatasi kavu. Iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Si maabara, lakini limeniepusha na mengi.

Adui mwingine ni maji ndani ya petroli, hasa msimu wa mvua na jerikeni zinazolala nje. Chini ya kabureta kuna kikombe, na chini ya kikombe kuna bolti ya spana namba 10. Funga koki ya petroli, weka kifuniko cheupe cha kopo chini, legeza bolti. Ukiona vitone vinavyotembea chini ya petroli kama shanga, ni maji. Mwaga yote, pamoja na ya kwenye tanki. Petroli iliyolala miezi mitatu nayo hugeuka rangi, ikawa kama chai ya rangi na kunuka vanishi. Hiyo usijaribu kuichanganya na mpya, itoe.

Petroli ikiwa safi na injini bado imegoma, ondoa plagi. Ikiwa imelowa, injini imefurika petroli: fungua choki, acha ikauke, vuta kamba mara tano plagi ikiwa nje. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, petroli haifiki: koki, bomba, au boya la kabureta limekwama. Kuangalia moto, rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na petroli iliyomwagika, mwingine avute. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano hafifu, badilisha plagi kwanza, nafasi yake iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Koili, inayoipa plagi umeme, ni ya mwisho kulaumiwa.

Inawaka, halafu inasumbua

Injini inayopanda na kushuka yenyewe bila mzigo, kama mtu anayeimba akisinzia, inakosa petroli ya kutosha. Vuta choki nusu. Ikitulia, jeti ya kabureta (kile kitundu cha kupitishia petroli) ina uchafu. Itoe, ipulize, ipitishie uzi mmoja wa waya wa shaba. Nimeona gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, ikikunjwa kwa koleo ili kuondoa tatizo hili. Mwenye mashine akawa na matatizo mawili.

Inayofanya kazi vizuri nusu saa, inazimika, ikipoa inawaka tena: kabla ya kununua koili, legeza kifuniko cha tanki. Kile kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, na vumbi la barabarani likichanganyika na petroli linaliziba. Hewa haiingii, petroli haishuki. Ukisikia "fyuu" ukikilegeza, umemaliza kazi.

Inayozimika kila ukiisogeza upande mmoja wa uwanja, angalia mteremko. Kitambuzi cha oili kimedanganywa.

Moshi mweusi ni choki iliyosahaulika au filta ya hewa iliyojaa. Wa buluu ni oili iliyozidi, au mashine ililazwa ubavu ndani ya pikapu. Oili ikipanda yenyewe kwenye kijiti na kunuka petroli, boya limekwama na petroli imeshuka usiku kucha hadi kwenye oili. Usiiwashe. Badilisha oili, tengeneza boya, na uwe mtu wa kufunga koki kila jioni.

Wenzetu wa Kabale hunilalamikia kwamba mashine iliyokuwa kali Tororo imekuwa mvivu kwao. Hiyo haina fundi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Jeti ndogo zaidi inasaidia injini kupumua, lakini nguvu yote hairudi.

Matone chini ya pampu, na oili nyeupe

Tazama rangi ya tone. Maji yakidondoka kati ya kichwa cha pampu na mwili wake, pakingi za planja zimelika. Seti moja inabadilishwa na fundi wa kawaida kwa saa mbili. Angalia planja zenyewe ukiwa umefungua. Za kauri zikiwa na ufa, pakingi mpya hazimalizi mwezi. Oili ikidondoka, ni sili za oili. Na ukiona kwenye kidirisha oili ya pampu imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Inaweza kuwa mvua au mvuke tu: badilisha, fanya kazi siku mbili, angalia. Ikirudi kuwa maziwa, pakingi na sili zote zinaondoka pamoja.

Injini inanguruma vizuri na maji hayana nguvu hata chembe? Huenda pampu haizunguki kabisa. Ufunguo mdogo wa chuma kwenye shafti ya injini umekatika. Kipande cha chuma cha bei ya soda, na watu wanauza mashine nzima.

Sabuni haivutwi

Weka nozo nyeusi; bila hiyo haivuti. Ikiwa ipo, sabuni imekauka ndani ya kitundu cha kuvutia na kagololi kake kamegandia. Kasukume taratibu kwa waya, loweka kwa maji ya moto. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri ndiyo mkosaji, chuja kwanza.

Kidole

Usizibe nozo kwa kidole, usipime presha kwa kiganja, usimwoshee mwenzako gambuti akiwa amezivaa. Maji haya yanapenya ngozi. Kinachoonekana ni kitundu kama cha sindano, hakiumi sana, damu hakuna, na kijana anataka kuendelea na kazi. Ndani nyama imejazwa maji machafu na sabuni. Apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mashine ya presha, la sivyo atapewa plasta na kurudishwa. Watu wamepoteza vidole kwa kusubiri kesho.

Injini isiwashwe ndani ya chumba pia, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukuonya.

Matunzo yangu

Oili ya injini mpya naimwaga baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Kwa anayeosha kutwa, hiyo ni kama wiki mbili, si miezi sita kama watu wanavyodhani. Oili ya pampu baada ya saa 50 za kwanza, halafu kila saa 500. Filta ya hewa naigonga kila jioni wakati wa kiangazi. Sponji yake inafuliwa kwa sabuni, inakauka, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Nafasi ya tapeti (kwenye valvu za injini) inapimwa kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi, mara moja kwa mwaka injini ikiwa baridi. Kwa injini za sentimita za ujazo 163 nyingi ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea. Jioni napitisha maji safi dakika mbili, nazima, nabana bunduki kuondoa presha, nafunga koki.

Siku pampu itakapokwisha kabisa, usinunue mashine nzima kama injini bado inavuta. Peleka pampu yenyewe dukani, au pima unene wa shafti ya injini. Nyingi za ukubwa huu ni milimita 19.05, yaani robo tatu inchi, lakini zipo za milimita 20, na hizo mbili haziingiliani hata ugonge na nyundo. Pampu mpya ikifika, paka grisi kwenye shafti kabla ya kuivisha. Ile ya kwanza yangu haikupakwa, na tulipotaka kuitoa ilikuwa imeshika kutu mpaka tukaikata kwa grainda.